Udongo Wenye Njaa Hupoteza Mvua

Ndugu mkulima, mwaka mvua ikiwa chache sisi watu wa Kilosa husema, "Mwaka huu jua limetumaliza." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini si kweli yote.

Tazama shamba la mahindi katika mwaka kama huo. Kando ya shamba, mahali palipokuwa na zizi la mbuzi miaka mitano iliyopita, mahindi yamesimama. Majani yake ni ya kijani kibichi. Hatua kumi kutoka hapo mahindi ni mafupi. Yamekuwa ya njano, na magunzi yake hayana punje. Mvua iliyonyesha ni ile ile. Jua ni lile lile. Mbegu ilitoka katika debe moja, na palizi ilifanywa siku moja. Basi kilichotofautiana ni nini?

Ni chakula kilichomo ndani ya udongo.

Mwezi huu tutazungumza juu ya chakula hicho. Tutaona kinatoka wapi na kinapotea vipi. Tutaona pia kwa nini, katika sehemu zenye mvua chache, chakula hicho ndicho kinachoamua kama mvua ndogo itakupa magunia au itakupa mabua matupu.

MMEA HULA KWA KUNYWA

Mmea hauna meno. Hula kwa kunywa. Chakula chake huyeyuka katika maji yaliyomo udongoni, kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi. Mizizi huyafyonza maji hayo na kuyapeleka juu.

Vyakula vya mmea ni vingi, lakini vitatu hutakiwa kwa wingi. Cha kwanza huitwa naitrojeni. Hicho hujenga majani na kuyapa rangi ya kijani. Cha pili ni fosforasi. Hicho hukuza mizizi, maua na punje. Cha tatu ni potasiamu. Hicho huupa mmea nguvu ya kusimama na kuvumilia ukame na magonjwa.

Sasa fikiri. Udongo ukiwa mkavu kabisa, chakula kinaweza kuwamo lakini mmea hauwezi kukinywa. Udongo ukiwa na maji lakini hauna chakula, mmea hunywa maji matupu. Hukua kidogo tu, na mizizi yake hubaki mifupi. Mizizi mifupi hunywa maji ya juu peke yake. Jua likiwaka siku kumi mfululizo, udongo wa juu hukauka na mmea hunyauka. Kumbe chini yake, kwa kina cha mkono mmoja tu, maji bado yapo!

Mmea ulioshiba haufanyi hivyo. Hupeleka mizizi yake chini mapema. Majani yake hukua upesi na kufunika ardhi, hivyo jua halipati nafasi ya kuyakausha maji ya udongo. Ndiyo maana nasema kuwa udongo wenye njaa hupoteza mvua. Mvua hunyesha, lakini maji mengi huchukuliwa na jua na magugu, au huzama chini mahali ambapo mizizi haifiki.

Jambo hili si la kubuni. Huko Mali, katika Afrika ya Magharibi, watafiti wa nchi hiyo na wenzao wa Uholanzi walichunguza malisho ya nchi kavu kwa miaka kadhaa. Mwaka 1982 walichapisha matokeo yao. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kuwa majani ya huko hayakui kwa sababu ya ukosefu wa mvua tu. Watafiti hao waliona kuwa mahali ambapo mvua hupita milimita 300 kwa mwaka, mara nyingi kinachozuia majani kukua ni upungufu wa naitrojeni na fosforasi kuliko upungufu wa maji. Bonde letu la Mkata, katika mwaka wa kawaida, hupata mvua zaidi ya mara mbili ya hiyo.

SOMO LILILOPO MIKUMI

Wengi wetu tumepita kwa basi katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita katikati yake kwa kilomita 50 hivi. Safari nyingine usilale ndani ya basi. Tazama nje.

Utaona kuwa pundamilia, nyumbu na nyati hupenda kukaa katika uwanda wa Mkata, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ukifika penye vilima vyenye misitu ya miyombo, wanyama huwa wachache. Majani yapo huko pia, tena marefu. Lakini ni makavu na magumu, na lishe yake ni ndogo. Udongo wa miyombo ni wa zamani sana. Mvua za miaka mingi zimeuosha na kuondoa chakula chake. Udongo wa bondeni hupokea kile kilichooshwa kutoka milimani.

Wanyama hawajui kusoma, lakini wanajua mahali penye lishe. Mwaka 1988 mtafiti mmoja aitwaye McNaughton alionyesha jambo hilo katika Serengeti. Aliona kuwa wanyama hukusanyika mahali ambapo majani yana madini mengi zaidi, kama vile fosforasi. Wakisha kula, huacha kinyesi hapo hapo. Hivyo mahali penye rutuba huzidi kupata rutuba.

Tazama tena vichuguu. Mchwa huchimba udongo wa chini na kuupandisha juu. Hukusanya pia majani na vijiti vikavu kutoka pande zote. Kwa hiyo kichuguu cha zamani huwa kama ghala dogo la chakula cha mimea. Miti na majani yanayoota juu yake mara nyingi ni tofauti na yale ya pembeni, na hubaki ya kijani kwa siku nyingi zaidi. Wazee wetu walilijua hilo. Walipanda maboga na mahindi kwenye vichuguu vya zamani, au walibomoa kichuguu na kutawanya udongo wake shambani.

(Hapa niseme neno moja. Usiende hifadhini kuchota kinyesi cha tembo au kukata majani. Sheria hairuhusu. Tembo wenyewe hutuletea kinyesi hicho mashambani bila kuitwa, pamoja na hasara yake.)

Na miti ya miyombo huishije katika udongo maskini? Ina rafiki. Mizizi yake imeshikana na ukungu, ambao ni nyuzi nyembamba sana kuliko unywele. Ukungu huo hutafuta fosforasi mbali ndani ya udongo na kuupa mti. Mti nao huulipa kwa sukari. Uyoga mwingi tunaochuma chini ya miyombo wakati wa mvua ndiyo matunda ya ukungu huo. Ukifyeka miyombo na kuchoma moto, urafiki huo hukatika. Majivu hulisha mahindi yako msimu mmoja au miwili. Baada ya hapo udongo hurudia umaskini wake, na mti wa kukusaidia haupo tena.

ZAWADI YA MVUA YA KWANZA

Nataka ulifikirie jambo hili kuliko mengine yote, kwa maana halihitaji fedha.

Wakati wa kiangazi udongo huonekana umekufa. Kumbe ndani yake mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vingine hufa kwa ukavu na vingine hulala. Mvua ya kwanza ikinyesha, vilivyolala huamka vikiwa na njaa kali. Huvila vile vilivyokufa, pamoja na mabaki ya majani na mizizi iliyooza. Kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu, na naitrojeni nyingi hutoka kwa pamoja.

Aliyelieleza jambo hili vizuri alikuwa mtafiti aitwaye Birch. Alifanya kazi yake hapa Afrika ya Mashariki, katika kituo cha Muguga karibu na Nairobi, na akaandika matokeo yake mwaka 1958. Alichukua udongo, akaukausha, kisha akaulowanisha. Akaona kuwa udongo uliokaa mkavu kwa muda mrefu zaidi ndio uliotoa naitrojeni nyingi zaidi ulipopata maji. Mpaka leo wataalam wa nchi nyingi huliita jambo hilo kwa jina lake.

Basi sisi wenye kiangazi kirefu, kuanzia Juni mpaka Oktoba au Novemba, tunapewa zawadi hii kila mwaka. Swali ni nani anayeipokea.

Kama shamba lako liko tayari na mbegu iko ardhini, mahindi yako yatapokea sehemu yake. Kama wakati huo ndiyo kwanza unatafuta jembe, zawadi hiyo huchukuliwa na magugu. Sehemu nyingine husukumwa chini na mvua zinazofuata, hasa katika udongo wa kichanga. Unapopanda wiki tatu baadaye, mahindi yako hukuta sahani tupu. Umewahi kuona mahindi yaliyochelewa kupandwa yakiwa ya njano, ingawa mvua ilikuwa ya kutosha? Huenda sababu ni hiyo.

Najua utaniambia, "Bwana shamba, mvua za kwanza hudanganya." Ni kweli. Huku kwetu vuli huweza kuanza Novemba, kisha jua likaja Januari na Februari na kuunguza kila kitu kabla ya masika. Sikuambii upande kwa wingu. Nakuambia uandae shamba kabla ya mvua, ili usipoteze hata siku moja. Mvua ikinyesha, chimba kwa jembe uone. Kama udongo umelowa kwa kina cha shubiri moja au zaidi, panda.

Na kama umeamua kungoja masika, usiliache shamba tupu wakati wa vuli. Panda kunde au choroko, ambazo hukomaa upesi. Zitashika ile naitrojeni isipotee. Ukisha vuna, majani na mizizi yake huoza na kurudisha chakula kwa ajili ya mahindi ya masika.

TUNAVYOUZA UDONGO BILA KUJUA

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu.

Umevuna magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Hizo ni kilo 1,000, yaani tani moja. Ndani ya punje hizo mna kilo 15 hivi za naitrojeni. Zilitoka katika udongo wako. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23 za naitrojeni. Basi ulipopakia magunia yako 10 kwenye lori, ulipakia pia naitrojeni ya karibu theluthi mbili ya mfuko wa urea. Mnunuzi hakukulipa kwa ajili hiyo.

Hilo halina budi, maana tunalima ili tule na tuuze. Ubaya unakuja baadaye. Mabua yaliyobaki yana naitrojeni pia, na yana sehemu kubwa ya potasiamu iliyotoka ardhini. Tunafanya nini na mabua hayo? Mwezi wa Septemba tunawasha kiberiti.

Moto ni mwizi mwenye mikono miwili. Kwanza naitrojeni ya mabua huondoka na moshi. Haibaki katika majivu. Fosforasi na potasiamu hubaki katika majivu, lakini majivu ni mepesi. Upepo wa Oktoba huyapeperusha, na mvua kubwa ya kwanza huyasomba mpaka mtoni. Tena ardhi hubaki uchi, ikipigwa na jua na matone ya mvua.

Zamani hatari hii haikuonekana. Wazee walilima mahali miaka mitatu au minne, kisha wakahama na kuacha pori likue tena. Udongo ulipumzika na kula. Siku hizi watu ni wengi na mashamba yamebanana. Shamba lile lile hulimwa kila mwaka. Kuna mashamba hapa Kilosa ambayo hayajapumzika tangu vijiji vilipoundwa katika miaka ya 1970.

Dalili mojawapo ya shamba lililochoka ni kiduha. Gugu hili lenye maua mazuri ya zambarau hunyonya mizizi ya mahindi na mtama. Kiduha hustawi katika udongo wenye njaa. Kung'oa ni vizuri, tena kabla halijatoa mbegu. Lakini usipoulisha udongo, utang'oa kila mwaka.

MBAAZI, MFANYAKAZI ASIYEDAI MSHAHARA

Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni. Mahindi hayawezi kuichukua hapo. Mimea ya jamii ya kunde inaweza, kwa msaada wa vijidudu wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Ng'oa mkunde mchanga polepole uone vinundu hivyo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi.

Kwa sehemu kavu, naipenda mbaazi kuliko kunde zote. Nitakueleza kwa nini.

Mizizi yake huenda chini sana. Huyafikia maji na chakula ambavyo mahindi hayawezi kuvifikia. Mwanzoni hukua taratibu, kwa hiyo haiyasumbui mahindi. Mahindi yakisha vunwa, mbaazi ndiyo kwanza inachangamka. Huendelea kukua kwa maji yaliyobaki udongoni mpaka kiangazi, huku ikipukutisha majani ambayo huoza na kuwa mbolea. Tena kuna jambo la ajabu. Mwaka 1990 watafiti huko India walionyesha kuwa mizizi ya mbaazi hutoa asidi ambayo hufungua fosforasi iliyoshikwa na chuma katika udongo mwekundu. Chakula kilichofungiwa, ambacho mimea mingine hukiona na kukiacha, mbaazi ina ufunguo wake.

Jambo hili limejaribiwa karibu na kwetu. Watafiti walipanda mahindi pamoja na mbaazi katika mashamba ya wakulima wenyewe huko Babati na huko Gairo, wakati Gairo bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kilosa. (Ilifanywa wilaya peke yake mwaka 2012.) Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na 2007. Shamba lililochanganywa lilitoa mazao mengi kwa jumla kuliko shamba la mahindi matupu, na mahindi hayakupungua kwa kiasi cha kumtia mkulima hasara. Mbaazi ilipata sehemu kubwa ya naitrojeni yake kutoka hewani. Lakini sharti lilikuwepo. Faida kwa udongo ilionekana pale ambapo majani na mabaki yaliachwa shambani. Yakiondolewa au kuchomwa, faida nayo huondoka.

Najua wengi wenu mna kinyongo na mbaazi. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inayonunua kutoka nje, na bei ikaanguka. Watu waliachwa na magunia nyumbani. Hasira hiyo naielewa. Lakini bei ikianguka, majani yaliyopukutika shambani yanabaki kuwa yako, na watoto watakula mbaazi. Usiiweke fedha yako yote katika mbaazi. Iweke mbaazi kati ya mistari ya mahindi.

Shida nyingine ni kubwa zaidi. Mbaazi hukomaa wakati mashamba mengine yamekwisha vunwa, na mifugo inaachiwa kutafuta malisho. Ng'ombe hupenda sana mbaazi.

SAMADI IKO KWA JIRANI

Wilaya yetu ina wakulima na wafugaji. Tunajua uchungu uliowahi kutokea. Desemba mwaka 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Siandiki haya kufufua hasira. Naandika kwa sababu mambo mawili yanayotugombanisha, malisho na mazao, ndiyo yale yale yanayobeba chakula cha udongo.

Mfugaji ana kinyesi kingi katika boma lake, mara nyingi zaidi ya anachohitaji. Mkulima ana mabua. Mabua yakiliwa na ng'ombe shambani kwako, na kinyesi kikabaki hapo, hujapoteza yote. Lakini ng'ombe akila mchana shambani kwako na kulala boma la mbali, basi kila siku anahamisha rutuba yako kwenda kwake. Vijiji vinavyofanya vizuri hukaa pamoja katika mkutano kabla ya kiangazi. Huamua siku ya mifugo kuingia mashambani, mashamba ya mbaazi ya kuepukwa, na jinsi samadi itakavyotolewa. Makubaliano ya namna hiyo yaandikwe katika kitabu cha halmashauri ya kijiji na pande zote mbili zitie sahihi. Maneno ya mdomo husahaulika mvua ikichelewa.

Ukipata samadi, itunze. Samadi iliyoachwa juani hupoteza naitrojeni hewani. Ile harufu kali unayoisikia ni mali yako inayoondoka. Ilundike kivulini na uifunike kwa majani au udongo. Usiichanganye na majivu ikiwa mbichi, kwa sababu majivu huifanya naitrojeni ikimbie upesi zaidi. Ngoja mpaka ipoe, iwe nyeusi, na isinuke.

Usiitawanye shamba zima kama samadi ni kidogo. Weka viganja viwili katika kila shimo la kupandia. Wenzetu wa kijiji cha Chololo, Dodoma, ambako mvua ni chache kuliko kwetu, wana mashimo maarufu yanayoitwa kwa jina la kijiji chao. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 90. Chini huwekwa majivu kidogo ya kuzuia mchwa, kisha samadi iliyooza na mabaki ya mazao. Shimo hukusanya mvua na chakula mahali pamoja, pale pale penye mzizi. Kuchimba ni kazi ngumu, sikufichi. Anza na robo eka.

MBOLEA YA DUKANI KATIKA NCHI KAVU

Mbolea ya dukani ni chakula kilichokolea. Si sumu, na si dawa ya kila kitu. Katika msimu wa 2022/2023 Serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliojiandikisha, na wengi walianza kuitumia wakati huo.

Mkulima wa sehemu kavu anaogopa kuweka fedha ardhini kisha jua likaja. Woga huo una akili ndani yake. Basi usiweke yote kwa mara moja. Wakati wa kupanda, weka mbolea ya kupandia kizibo kimoja cha soda katika kila shimo. Ifunike kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusa mbegu huiunguza. Njia hii ya kizibo imewasaidia wakulima wa mtama na uwele huko Niger, nchi kavu kuliko Dodoma.

Mahindi yakifika magotini, tazama mbingu na ushike udongo. Kama una unyevu, weka mbolea ya kukuzia kando ya shina na uifukie. Urea isiyofukiwa hupotea hewani. Kama mvua imekatika, usiweke. Funga mfuko vizuri na uuweke mahali pakavu. Mbolea iliyobaki ndani si hasara.

Kwa wale wa vilimani wenye udongo mwekundu na mchachu, iko mbolea ya Minjingu, kutoka mkoa wa Manyara. Ina fosforasi. Ilitokana na kinyesi cha ndege na mifupa ya samaki wa ziwa la kale. Huyeyuka vizuri katika udongo mchachu. Katika udongo wa mbuga ulio na chokaa huyeyuka polepole mno, kwa hiyo wa bondeni waulize kwanza.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Majani husema. Majani ya chini ya mahindi yakianza kuwa ya njano kutoka nchani kwenda katikati, naitrojeni imepungua. Miche ikiwa na rangi ya zambarau, huenda ni fosforasi. Kingo za majani ya chini zikikauka kama zimeunguzwa, shuku potasiamu. Lakini dalili hizi huja mmea ukiwa umekwisha umia, na maji yaliyotuama nayo huleta rangi ya njano. Njia bora ni kupima udongo. Kituo cha utafiti cha Ilonga kiko hapa hapa wilayani, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro. Kabla hujasafiri, muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako akusaidie kujua gharama.

Chukua udongo wakati wa kiangazi, majibu yafike kabla ya mvua. Tembea shambani kwa kupinda kama nyoka. Simama mahali 10 hadi 15. Kila mahali ondoa takataka za juu, chimba kina cha sentimita 20, na uchukue udongo kiasi cha kiganja. Ruka vichuguu, mazizi ya zamani na mahali palipochomwa takataka, kwa sababu hapo patakudanganya. Changanya wote katika ndoo safi. Ndoo iliyobeba mbolea haifai. Anika kivulini, kisha pima kilo moja na uweke katika mfuko safi. Udongo wa bondeni na wa kilimani usichanganywe. Kila mmoja uwe na mfuko wake.

Andika kwenye karatasi jina lako, kijiji chako, tarehe, zao ulilolima mwaka jana na zao unalotaka kulima. Ikunje karatasi, itie katika mfuko mdogo wa plastiki isilowe, na uiweke ndani ya mfuko wa udongo. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika.